Uzi: Kabla Gollum hajamsaliti Frodo, Frodo alimfanyia nini pale bwawani?

Msomaji wa Usiku (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu. Asiyependa kusoma aruke moja kwa moja kwenye maoni, najua huko ndiko kutakakowaka moto.

Juzi usingizi uligoma, nikaamua kurudia The Two Towers, ile ya 2002 ya Peter Jackson, filamu ya pili kati ya tatu za The Lord of the Rings. Nimeshaitazama sijui mara ngapi, tangu enzi za kibanda umiza mtaani kwetu, benchi la mbao na feni moja inayolia. Nilipofika kipande cha bwawani nikasimamisha. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena, halafu tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nakipita kile kipande kama abiria anayepita kituo asichoshuka.

Kwa waliosahau: Frodo na rafiki yake Sam wanaipeleka pete ya uovu ikateketezwe motoni, na anayewaongoza njia ni Gollum, ambaye jina lake la zamani ni Smeagol na aliwahi kuimiliki pete hiyo. Njiani Frodo na Sam wameshikwa na wapiganaji wa Faramir. Usiku Faramir anampeleka Frodo juu ya maporomoko na kumwonyesha chini. Smeagol yumo bwawani anavua, anajiimbia zake, hana habari na mtu. Sheria ya pale ni kwamba anayeingia bwawa lile anauawa. Wapiga mishale wameshavuta pinde, wanasubiri neno tu. Faramir anauliza: wapige? Frodo anakaa kimya kidogo, kisha anasema wasubiri, kiumbe yule amefungamana naye na yeye amefungamana na kiumbe yule, wamwache ateremke amfuate.

Akateremka. Akamwita kwa upole, njoo, bwana wako yuko hapa. Smeagol anasita. Anaambiwa inabidi amwamini bwana wake. Anauliza, sasa hivi? Anajibiwa ndiyo, sasa hivi. Basi anakuja, anatambaa kwenye mawe na samaki wake kinywani, kama mbwa anayemletea mwenyewe kitu. Hatua chache tu, watu wakamrukia.

Mimi nilikuwa nahesabu kwamba hapo Frodo amemwokoa. Na ni kweli amemwokoa, angenyamaza sekunde tatu zaidi mishale ingemaliza kazi. Lakini jiweke wewe majini. Hukuona pinde, hukusikia mazungumzo ya kule juu. Ulichosikia ni sauti ya mtu pekee uliyemwamini duniani ikikuita kwa jina, na ulichopata ni kufunikwa gunia kichwani.

Sasa tazameni kilichotangulia, maana hapa ndipo ninapomvulia kofia Jackson na wenzake. Frodo ndiye aliyemfungua kamba. Ndiye aliyemrudishia jina lake, Smeagol, jina ambalo hakuna aliyemwita kwa miaka mingi mno. Naye akalipa: Frodo alipotumbukia kwenye kinamasi cha wafu ni yeye aliyemvuta nje. Halafu inakuja ile ya usiku, anazungumza peke yake kwa sauti mbili, na ile sauti nzuri inaifukuza ile mbaya, iende na isirudi tena. Na inaondoka kweli! Asubuhi yake anarukaruka, analeta sungura wawili na kumtupia Frodo mapajani. Mtu aliyeishi kwa kujificha na kuiba leo anamletea mwenzake chakula. Andy Serkis, mwigizaji wake, akipewa sifa ya sauti watu wanasahau kwamba mwili mzima wa yule kiumbe ulibadilika pale, hata shingo.

Muda mfupi baada ya furaha ya sungura ndipo linakuja bwawa. Na baada ya bwawa, akiwa amejikunyata ukutani huku wanamhoji, ile sauti iliyofukuzwa inarudi na kumuuliza kwa nini analia. Haijarudi kwa nguvu. Imerudi kama ndugu aliyekwambia zamani kwamba watu wale si wa kuwaamini, na sasa amekuja kukufuta machozi.

Hoja yangu ni hii. Filamu hizi za uchawi na falme zimejaa wasaliti, na wengi hawatuumi kwa sababu hatukuwahi kuwaamini. Saruman, yule mkuu wa wachawi aliyehamia kwa adui, ni mhaini, sawa, lakini tunamkuta tayari ameoza, ni mchawi mwenzake Gandalf peke yake ndiye anayeshtuka. Usaliti wa Gollum kwenye filamu ya tatu unauma kwa kuwa ni deni analolipa. Nasema Frodo ndiye aliyekopa wa kwanza, na hakumweleza. Kilichomuua Smeagol ni kule kutoelezwa.

Karibuni mnipige mawe.

Kiti cha Nyuma

Mkuu umeandika gazeti zima kumtetea mla samaki wabichi.

Nusu Tiketi

Msomaji, nakuheshimu ila umechuja ushahidi. Huyo unayemlilia alianza lini kusaliti? Fungua Return of the King, hiyo ya tatu, filamu inaanza naye. Yuko kwenye mtumbwi na Deagol wanavua. Deagol anaibuka na pete, jamaa anaitaka kwa kisingizio kwamba leo ni siku yake ya kuzaliwa, akinyimwa anamnyonga mwenzake mpaka anakata roho. Hakuna aliyemfunika gunia siku hiyo. Hakuna aliyemwita kwa hila. Mtu aliyemnyonga swahiba yake kwa dakika moja ya tamaa, wewe unataka Frodo ampe maelezo ya kina usiku ule huku pinde zimevutwa?

Hata nafasi ya kumnong'oneza haikuwepo. Angesema "kuna watu wamejificha, jikaze", Smeagol angekimbia, angekimbia angekufa.

Nahodha Mstaafu

Mmegusa jambo bila kuliona. Kwa Deagol ni uvuvi. Samaki mkubwa ndiye aliyemvuta Deagol majini mpaka akaiona pete. Pale bwawani pia ni uvuvi. Mara ya kwanza samaki alimletea pete, mara ya pili samaki alimpotezea bwana. Sijui kama walikusudia, ila mimi niliyekulia kwenye mitumbwi siwezi kuacha kuliona.

Msomaji wa Usiku

Nahodha, umenimaliza. Hilo sikuwa nimelifunga pamoja kabisa.

Nusu Tiketi, sikatai kuhusu Deagol. Lakini ona basi, ndiyo sababu ya ile sauti mbaya kuwepo. Kazi ya Frodo kwa siku kadhaa ilikuwa kumtenganisha mtu na kosa lake, na alikuwa amefaulu. Simsemi kwa kumwita usiku ule, alikuwa hana njia. Namsema kwa siku iliyofuata. Siku iliyofuata alikuwa na muda.

Binti Kisauni

Ahsanta mwenye uzi, lakini kuna kipande umekiruka na kinakuvunjia hoja, au kinaijenga, sijui. Smeagol ALIELEZWA. Mwisho wa filamu hiyohiyo, wakishaachiliwa na Faramir, wanatembea, Sam anamwambia Smeagol kuwa bwana Frodo hakutaka wale watu wamuumize, alikuwa anajaribu kumwokoa. Jamaa anajibu kwa upole kabisa kuwa hana kinyongo. Kisha anabaki nyuma yao, peke yake na mti, na mnajua kilichofuata: bwana ametusaliti, mwovu, mwongo, na wazo la kuwapeleka kwa "yule", yaani yule buibui mkubwa anayeua.

Sasa swali langu ni nani aliyeeleza. Sam! Yule aliyekuwa akimtukana tangu siku ya kwanza. Sisi Pwani mtu akikukosea halafu akamtuma adui yako aje akwambie "hakukusudia", huo ni msamaha au ni tusi la pili? Hata mshenga huchaguliwa.

Msomaji wa Usiku

Dada yangu, nimekaa hapa nacheka na kujilaumu. Nimekitazama kile kipande juzi tu na sikukisikia. Nafuta sentensi yangu ya "hakumweleza" na naandika: hakumweleza YEYE. Frodo anatembea mbele na mzigo wake, amechoka, pete inamla, na neno ambalo lilipaswa kutoka kinywani mwake limetolewa na mtu asiyefaa kulitoa. Sam wala hakuwa na nia mbaya, maskini, kwa mara ya kwanza anajaribu kuwa mwema.

Kiti cha Nyuma

Haya sasa imekuwa kesi ya ndoa.

Mzee wa Kanda

Vijana, mimi niliendesha kibanda miaka ile ya kanda na baadaye diski. Nataka niwape siri. Filamu hii kwetu ililetwa ikiwa imetafsiriwa, jamaa anapiga stori juu ya picha, na yule mtafsiri tangu Gollum alipotokeza pua alimtangaza kuwa ni mchawi aliyetumwa na adui. Basi! Watu wakakaa wanamsubiri mchawi afanye uchawi wake. Ile ya kuzungumza kwa sauti mbili, mtafsiri akasema anaita majini yake. Sungura, akasema ana sumu.

Kwa hiyo aliposaliti hakuna aliyeshtuka ukumbini, walipiga makofi kwamba mtafsiri alijua. Nilikuja kuitazama baadaye peke yangu kwa maandishi ya chini ndipo nikagundua kuwa tulidhulumiwa. Nawaambia ukweli, yule mtafsiri alikuwa na kipaji cha kuchekesha sijapata kuona, ila siku ile alitunyima kumwamini mtu. Na usipomwamini mtu hana cha kukusaliti.

Nusu Tiketi

Mzee, hii ya sungura mwenye sumu nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mama Wawili

Naomba niwatoe kidogo kwa huyo Gollum. Kwangu mimi usaliti wa filamu zote za namna hii ni Maleficent, ya 2014, na wanaume wengi wanaipita kwa kuwa wanadhani ni ya watoto.

Stefan, mtoto wa binadamu, na Maleficent, kiumbe wa msituni mwenye mabawa, wamekua pamoja. Maleficent akifika miaka kumi na sita, Stefan anambusu na kumwambia ndilo busu la penzi la kweli. Kisha Stefan anapotea, anaenda kutafuta makuu kwenye jumba la mfalme. Miaka inapita. Mfalme anatangaza kuwa atakayemuua Maleficent atarithi kiti. Stefan anarudi msituni usiku, anajifanya amekuja kumwonya. Mnaona ujanja? Anatumia habari ya kweli kuingilia. Wanaongea, wanacheka, anampa kinywaji, analala. Stefan anainua kisu kumuua, mkono unakataa. Basi anakata mabawa, kwa mnyororo wa chuma, akijua kuwa chuma ndicho kinachowaunguza watu wa jamii ile. Na siri hiyo ya chuma aliijua tangu utotoni kwa kuwa ni yeye aliyeivua pete yake ya chuma na kuitupa ili asimuumize.

Ile sauti ya asubuhi anapoamka na kupapasa mgongoni, mimi siwezi kuisikiliza mara mbili. Angelina Jolie mwenyewe alisema hadharani mwaka huohuo kwamba tukio lile walilikusudia kama mfano wa ubakaji. Hakuhitaji kusema. Mwanamke yeyote aliyetazama alikwisha elewa.

Na angalieni laana anayoitoa baadaye kwa mtoto wa Stefan. Anasema ataamshwa na busu la penzi la kweli tu. Anamrudishia neno lake mwenyewe! Alichagua lile neno kwa kuwa anajua halipo, yule aliyemfundisha neno hilo ndiye aliyemhakikishia kuwa halipo. Hapo mwandishi alishika kalamu.

Msomaji wa Usiku

Dada, hapa sina la kuongeza. Kitu kimoja tu: Stefan alishindwa kumuua. Ule mkono uliokataa ndio unaonichoma. Angekuwa jambazi wa kawaida angepiga kisu na tungemchukia tukalala.

Kiti cha Nyuma

Hans wa Frozen je?

Nusu Tiketi

Hans ni mchezo wa karata tu. Ana kaka kumi na wawili mbele yake kwenye foleni ya ufalme, ameona mlango, ameingia. Mtazamaji anadanganywa pamoja na Anna, binti mfalme anayemchumbia, ndiyo, lakini ukirudia filamu hukuti kitu chini yake, unakuta ulidanganywa tu. Twende.

Mimi nitawaletea anayestahili kesi: yule panya wa Ron, rafiki yake Harry, kwenye Harry Potter ya tatu, ya 2004. Miaka kumi na miwili! Peter Pettigrew, mchawi aliyejigeuza panya, ameishi kwa akina Weasley, familia ya Ron, kama panya wa kufugwa, anakula chakula chao, analala kitandani mwa mtoto. Watu wanazungumzia alivyowauza wazazi wa Harry kwa adui, na Sirius aliyesota jela miaka hiyohiyo kumi na miwili kwa kosa lisilo lake. Sawa. Lakini tazama uso wa Ron, mguu umevunjika, bado anamkumbatia panya wake asichukuliwe. Anamtetea! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakipigania kwa kuwa kimeshazoea joto la nguo yako.

Binti Kisauni

Umenena. Na hapo ndipo ninapotofautisha maneno. Saruman ni mhaini, amevunja kiapo cha kazi. Stefan ni msaliti. Pettigrew mimi namwita mwenye hiana, mtu aliyewekewa amana. Wazazi wa Harry walimwekea siri ya mahali wanapoishi kama unavyomwekea mtu amana, akaifungua na kumpa mwizi. Amana na kuamini ni neno moja, wakubwa. Ndiyo maana aliyevunja la pili huwa amekula la kwanza.

Kisha mtuambie kuhusu Edmund wa Narnia, aliyewauza ndugu zake kwa Mchawi Mweupe, kisa peremende za Kituruki. Ukitazama sana ile peremende ni wanga na sukari, binamu wa halua yetu. Mtoto kauza familia kwa halua, na bila kahawa!

Mama Wawili

Msimcheke. Edmund ndiye pekee katika uzi huu aliyesamehewa sawasawa. Kwenye filamu ile ya 2005, alipookolewa, Aslan, yule simba mtawala wa kule, anazungumza naye pembeni juu ya mwamba. Sisi watazamaji hatusikii hata neno moja. Ndugu zake wanatazama kwa mbali. Kisha Aslan anawaambia kuwa yaliyopita hayana haja ya kuzungumzwa naye tena. Lile jambo liliniliza kuliko vita. Msamaha ulitolewa faragha, na mwenye kukosa alipewa heshima ya kutoulizwa maswali.

Na bado deni lililipwa, maana sheria ya kule ilisema kila msaliti ni mali ya yule Mchawi. Simba akalala juu ya meza ya jiwe badala ya mtoto.

Msomaji wa Usiku

Mama Wawili, umenifungulia mlango. Linganisheni. Edmund alipata mtu aliyemchukua pembeni na kusema naye uso kwa uso. Smeagol alipata ujumbe kupitia Sam.

Na mkitaka kuumia zaidi, kwenye kitabu Tolkien aliweka kipande ambacho filamu haikukitumia. Kwenye zile ngazi za mlimani, Gollum anarudi kutoka kupanga njama, anawakuta Frodo na Sam wamelala. Anawatazama muda mrefu. Uso unalegea, anaonekana mzee aliyechoka tu. Ananyoosha mkono polepole anamgusa Frodo goti. Alikuwa amebakiza nywele moja ageuke. Sam anaamka ghafla, anamfokea, anamwita mnyapiaji. Kwisha. Tolkien mwenyewe aliandika kwenye barua kuwa hilo kwake pengine ndilo jambo la kusikitisha kupita yote kwenye hadithi ile.

Filamu badala yake ikaweka mikate: Gollum anatupa mikate bondeni, anamwagia Sam makombo kwenye joho, Frodo anamfukuza Sam arudi nyumbani. Wasomaji wa kitabu wengi hawakipendi kipande hicho. Mimi zamani nilikichukia pia. Sasa nakiona kivingine: Frodo anafanyiwa hesabu ileile. Anaitwa kwa sauti ya upole amwamini asiyefaa, na anayefaa anaondoka analia.

Nusu Tiketi

Hapo nakubali nusu. Lakini Frodo naye alisimama ukingoni mwa moto, akakataa kuitupa pete, akasema ni yake. Sam yuko nyuma anapiga kelele. Kama unatafuta amana iliyovunjwa, dunia nzima ilimwekea Frodo amana moja tu. Na aliyeimaliza kazi, kwa kumng'ata Frodo kidole chenye pete na kutumbukia nayo motoni, ni mla samaki.

Kiti cha Nyuma

Hatimaye mmempa jamaa sifa zake. Nilisema mimi.

Mzee wa Kanda

Hukusema.

Mama Wawili

Wakuu, nimerudi. Usiku huu nimewawekea wanangu kile kipande cha bwawani kwa ajili ya uzi huu. Mkubwa ana miaka kumi, kasema Frodo amefanya vizuri. Mdogo hakusema lolote. Tumeshamaliza, nimezima, namfunika shuka, ndipo akaniuliza: "Mama, na yule samaki wake, walimrudishia?"

Nimejibu sijui. Nani anajua?

Nahodha Mstaafu

Alimdondosha walipomkamata. Nimetazama.